Kabla ya helikopta, tununue boti za mpira

Ndugu Mhariri,

Kila ajali ya maji inapotokea, iwe Pangani, Unguja au hapa kwetu Bwawa la Nyumba ya Mungu, swali la kwanza mitandaoni ni lile lile: helikopta iko wapi? Sisi wa Moshi huenda ndio tunaoongoza kuuliza, maana tumezoea kuisikia ikipita juu ya mapaa kwenda kuchukua mgonjwa Horombo, kambi ya wapanda Mlima Kilimanjaro. Lakini mgonjwa wa mlimani yuko mahali panapojulikana, ana watu pembeni yake, na helikopta ina pa kutua. Anayezama huchukuliwa na mkondo, na ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita. Kutoka Moshi hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 250 kwa mstari wa angani. Helikopta ya mwendo wa kilomita 220 kwa saa itafika baada ya saa nzima na zaidi, hapo hatujahesabu muda wa kumtafuta rubani na kujaza mafuta.

Kinachomtoa mtu kwenye mawimbi yanayovunjika ni boti ndogo ya mpira yenye urefu wa mita 3.8 hivi, mashine ya nguvu ya farasi 25 na watu wawili tu. Watu wanne wanaibeba mchangani bila trela. Mmoja anakaa tezi, yaani nyuma, akishika mashine, mwenzake anakaa omo, yaani mbele, na kazi yake kubwa ni uzito wake: wimbi likija anajilaza mbele ili omo isinyanyuke boti ikapinduka kinyumenyume. Mwendeshaji analikabili wimbi uso kwa uso na kupunguza mafuta kabla ya kufika kileleni, la sivyo boti inaruka na kuvunja migongo ya waliomo. Wakati wa kurudi ufukweni anakaa nyuma ya mgongo wa wimbi wala halipiti. Kwa mwenye kuokolewa, boti ije upande wa ufukweni, omo ikitazama baharini. Ukijiweka upande wa mawimbi, wimbi linalofuata litakutupa juu yake. Mkono ukimfikia tu, mashine iwekwe huru, propela isizunguke.

Propela lazima izungushiwe kinga ya pete. Wauzaji watakuambia kinga inapunguza kasi, na ni kweli, lakini propela wazi katikati ya watu wanaopapatika haifai. Nyumba ya Mungu kinga hiyo pia inapunguza balaa la nyavu. Na kwa kuwa bwawa liko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na mashine hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, ile farasi 25 inabaki kama 23. Asinunue mtu farasi 15 kwa kubana bajeti.

Pikipiki za maji zinazopendwa na mahoteli hazina propela ya nje, jambo ambalo ni zuri, lakini pampu yake inafyonza mwani, kamba na mifuko ya plastiki, na kwenye maji yasiyofika mita moja inakula mchanga.

Boti nyingi za uokoaji hufia stoo. Petroli iliyochanganywa na oili (lita 1 kwa lita 50 kwa mashine nyingi za mipigo miwili) ikikaa zaidi ya mwezi huziba kabureta. Mpira uliojazwa upepo asubuhi ukaachwa juani hufumuka kwenye maungio, na uliolegea hujikunja katikati wimbi likiupiga. Mashine ikinguruma na boti haiendi, mpira wa ndani ya propela umechoka na unateleza. Wengi huanza kufungua kabureta bure. Mashine ikizama, usivute kamba kwanza: maji hayagandamiziki, utapinda konrodi, chuma kinachosukumwa na pistoni. Toa plagi, laza matundu yatazame chini, ndipo uvute mpaka maji yaishe. Nyunyiza oili, rudisha plagi kavu, iwashe siku hiyo hiyo, kwani chuma kilichoonja chumvi na kukutana na hewa huanza kutu ndani ya saa chache. Baada ya kila safari ya baharini, mashine ipitishiwe maji yasiyo na chumvi dakika kumi.

Hatusemi helikopta haina kazi. Kutafuta watu waliotawanyika nje ya mwamba, hakuna kinachoishinda. Ila helikopta ya baharini si ile ya mlimani: inahitaji winchi ya kushusha na kuvuta kamba, maboya ya dharura na rubani aliyezoea kusimama hewani juu ya maji yasiyo na alama. Upepo wake hupeperusha boti ya mpira isiyo na mtu kama gazeti. Kamba ya winchi ikishuka, iache iguse maji kwanza ili umeme iliyobeba uishe, na usiifunge kamwe kwenye boti. Mtu aliyekaa majini muda mrefu avutwe akiwa amelala, mkanda mmoja kwapani na mwingine chini ya magoti, maana akining'inizwa wima shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla.

Kama ni lazima tununue kitu cha kuruka, tuanze na droni. Januari 2018, huko Lennox Head, Australia, droni ilidondosha boya linalojijaza lenyewe likigusa maji, na vijana wawili wakafika nalo ufukweni.

Ndege ya abiria ilipotumbukia Ziwa Victoria, Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, waliowahi kuwafikia ni wavuvi wenye mitumbwi, na 24 waliokoka. Hao ndio wa kufundishwa na kukabidhiwa boti. Tunaziomba halmashauri za Mwanga, Moshi na Simanjiro, bajeti ijayo, zisitenge fedha za boti peke yake bila fungu la petroli ya mazoezi ya kila wiki, plagi, gundi ya viraka na propela ya akiba. Kila mwalo uwe na ubao wenye namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na chini yake jina la mtu anayekaa na ufunguo wa stoo usiku.

Mafundi wa mashine za boti,
Moshi, Kilimanjaro