Risala ya Wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu, wageni waalikwa na wahariri wenzetu,

Karibu sana katika mahafali haya ya mafunzo ya uhariri. Badala ya kukusomea orodha ya makala, tunaomba tukueleze jambo moja linalotusumbua kuliko yote katika makala za muziki: albamu imeuza nakala ngapi, na nani kasema.

Mgeni Rasmi, chukua Thriller ya Michael Jackson, ya mwaka 1982. Huku utasoma imeuza duniani nakala milioni 66, kule milioni 70, kwingine zaidi ya milioni 100. Hakuna daftari moja la dunia linalojumlisha mauzo yote, kwa hiyo kila tarakimu ya "dunia nzima" ni makadirio, na mara nyingi mkadiriaji ni kampuni inayoiuza albamu yenyewe. Kinachothibitika ni vyeti vya nchi mojamoja. Marekani, chama cha kampuni za kurekodi, RIAA, hutoa dhahabu kwa nakala 500,000, platinamu kwa 1,000,000 na almasi kwa 10,000,000. Uingereza, chama cha aina hiyohiyo, BPI, hutoa fedha kwa 60,000, dhahabu kwa 100,000 na platinamu kwa 300,000. Anayeandika "ilipata platinamu" bila kutaja nchi hajamwambia msomaji kitu. Na mwaka nao utajwe: Ujerumani dhahabu ilikuwa nakala 250,000 kwa albamu za katikati ya miaka ya 1990, lakini kwa albamu ya mwaka 2005 ni 100,000.

Mtego mkubwa zaidi uko ndani ya cheti chenyewe. Kwa asili RIAA ilihesabu nakala zilizopelekwa sokoni, baada ya kutoa zilizorudishwa. Haikuhesabu risiti za wanunuzi. Tena cheti hakiji chenyewe, bali kampuni huomba na kulipia. Ndiyo maana mkusanyiko wa bendi ya Eagles, Their Greatest Hits 1971–1975, ulikaa kwenye platinamu 29 tangu 2006, kisha mwaka 2018 ukaruka hadi 38. Katikati hapo, Februari 2016, kanuni ilibadilika: nyimbo za albamu zikisikilizwa mtandaoni mara 1,500, huhesabiwa kama albamu moja. Thriller ilifika platinamu 30 Desemba 2015, kabla ya kanuni hiyo, ikafika 34 mwaka 2021, baada yake. Hiyo 34 tunaiandika "vizio milioni 34", yaani nakala pamoja na usikilizaji wa mtandaoni, kamwe si "nakala milioni 34 zilizouzwa".

Albamu ya santuri mbili nayo ina hesabu yake. Albamu iitwayo The Beatles, ya mwaka 1968, ina platinamu 24 za RIAA, lakini kila santuri imehesabiwa peke yake, kwa hiyo ni albamu milioni 12. Asiyejua hili huongeza mauzo maradufu kwa nia njema kabisa.

Kuna pia SoundScan, ambayo sasa huitwa Luminate, iliyoanza kuhesabu mauzo ya madukani Marekani tarehe 1 Machi 1991. Haina mauzo ya kabla ya hapo, na haikuhesabu klabu zilizouza muziki kwa posta. Kuijumlisha na cheti cha RIAA ni kuhesabu nakala ileile mara mbili.

Kazi yetu basi huenda hivi. Tunafungua hazina ya vyeti ya nchi husika, tunahakiki kuwa cheti ni cha albamu na si cha wimbo au video yenye jina hilohilo, tunaandika nchi, kiwango na tarehe, kisha siku hiyohiyo tunahifadhi ukurasa kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandao, maana viungo hufa. Gazeti likitaja tarakimu isiyo na asili, tunafungua historia ya makala na kutazama lini tarakimu hiyo iliingia kwetu kwa mara ya kwanza. Ikiwa iliingia kabla ya gazeti kuchapishwa, kuna hatari kwamba mwandishi aliitoa kwetu, nasi tukimtaja yeye kama chanzo tunajinukuu wenyewe. Tarakimu ya namna hiyo tunaiondoa na kueleza sababu kwenye ukurasa wa majadiliano.

Mgeni Rasmi, uchungu wetu uko kwa muziki wa nyumbani. Kaseti za taarab na za dansi zilinakiliwa kiholela vibandani, na Tanzania haina vyeti vya mauzo vya aina ya RIAA. Shabiki akiandika "nakala milioni" tunafuta, naye hutuona tunamdharau msanii wake. Hatumdharau. Nafasi ya mauzo tunaiacha wazi, na sifa ya msanii tunaijenga kwa yanayothibitika: mwaka wa kutolewa, studio, wapigaji, tuzo.

Kwa hiyo tuna maombi mawili. Kwanza, utusaidie wahariri waruhusiwe kusoma magazeti ya zamani yaliyohifadhiwa maktabani, hasa kurasa za burudani za enzi ya kaseti. Pili, utufikishie ujumbe kwa wasanii na wasambazaji wachapishe hadharani hesabu zao, zikionyesha kipindi na zilichohesabu, kaseti zilizotengenezwa au zilizouzwa. Mkataba ulio kabatini hatuwezi kuutumia hata tukiuona kwa macho, kwa sababu msomaji hawezi kuufikia.

Tunaomba kuwasilisha.