Upanga wa Kanali Shaw usitenganishwe na askari wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme jambo juu ya namna tunavyozoea kuandika habari za panga za kale walizotunukiwa maofisa wa jeshi. Mara nyingi habari hizo huishia kwenye dhahabu ya mpini, nakshi za bapa na bei iliyofikiwa mnadani, na ofisa mwenyewe hutajwa kwa cheo na jina tu, kana kwamba alikwenda vitani peke yake, bila mtu nyuma yake.

Upanga unaonisukuma kuandika haya ni wa Kanali Robert Gould Shaw, ofisa mzungu aliyeongoza Kikosi cha 54 cha askari wa miguu wa Massachusetts wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, majimbo ya kaskazini yalipopigana na yale ya kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Kikosi hicho kilikuwa miongoni mwa vikosi vya kwanza vya askari weusi kuundwa katika majimbo ya kaskazini, na wana wawili wa Frederick Douglass, mtu mweusi mashuhuri aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, yaani Lewis na Charles, walijiandikisha humo. Upanga wenyewe ulitengenezwa Uingereza na kiwanda cha panga cha Henry Wilkinson, ukachorwa herufi za kwanza za majina ya Shaw kwenye bapa, na mjomba wake akamletea kama zawadi. Ulimfikia wiki chache tu kabla ya kufa kwake. Haukuwa pambo la kutundikwa ukutani; ulikuwa silaha ya kazi, na kwangu mimi hilo linaupa uzito kuliko panga nyingi zilizojaa vito ambazo wenyewe hawakupata kuzichomoa alani mbele ya adui.

Jioni ya tarehe 18 Julai 1863, Shaw aliwaongoza askari wapatao 600 kuishambulia Ngome ya Wagner, iliyoshikwa na jeshi la kusini, katika kisiwa cha Morris karibu na mji wa Charleston, Carolina Kusini. Aliuawa juu ya ukuta wa ngome akiwa na umri wa miaka 25. Katika kikosi chake, waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea walifika 272. Maiti yake ilivuliwa, upanga ukachukuliwa, naye akatupwa katika handaki moja pamoja na askari wake. Waliofanya hivyo walikusudia kumdhalilisha, kwa kuwa ofisa mzungu aliyeuawa vitani kwa kawaida alitazamiwa kupewa mazishi yake mwenyewe. Baadaye lilipozungumzwa suala la kumfukua, baba yake alikataa, akataka mwanawe aachwe palepale alipolala pamoja na watu wake.

Upanga ulipatikana mwaka 1865, ukarudishwa kwa wazazi. Kisha ukapita mikononi mwa ndugu na vizazi vyao hadi ukasahaulika kabisa, ukaja kuonekana tena darini katika nyumba ya jamaa, na mwaka 2017 ukakabidhiwa kwa Massachusetts Historical Society, jumuiya ya historia iliyoko Boston. Herufi za bapani, pamoja na namba ambayo kiwanda cha Wilkinson kilizipa panga zake na kuziandika vitabuni, ziliwezesha kuthibitishwa bila shaka kwamba huo ndio wenyewe. Nimelitafakari sana jambo hilo. Kipande cha chuma kilikuwa na namba na daftari la kukitambulisha baada ya zaidi ya miaka 150, ilhali watu waliolala katika lile handaki hawakuwekewa hata alama.

Wala si hilo pekee. Askari hao walipojiandikisha waliahidiwa dola 13 kwa mwezi, sawa na askari weupe, kisha wakaambiwa watalipwa dola 10, na katika hizo zikatwe 3 za mavazi. Kikosi kizima kilikataa kupokea mshahara huo, na Shaw mwenyewe alimwandikia gavana wa Massachusetts kupinga dhuluma hiyo. Waliishambulia ngome bila kulipwa. Bunge la Marekani lilisawazisha malipo mnamo Juni 1864, karibu mwaka mzima baada ya wengi wao kufa.

Sajini William Carney, ambaye katika vita hivyo aliishika bendera baada ya mbebaji wake kuanguka, akaipandisha hadi ukutani na kuirudisha ingawa alikuwa na majeraha kadhaa, alikabidhiwa Nishani ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya ushujaa vitani nchini Marekani, mwaka 1900. Kanali alipata upanga wake kabla ya vita; sajini alingoja miaka 37. Hata mnara mzuri uliochongwa na Augustus Saint-Gaudens na kuzinduliwa Boston mwaka 1897, unaomwonyesha Shaw juu ya farasi, upanga mkononi, huku askari wakitembea kando yake, ulikuwa na majina ya maofisa weupe waliokufa, lakini majina ya askari weusi yalikuja kuongezwa katika miaka ya 1980.

Sisemi haya kumpunguzia Shaw heshima. Alijua kwamba upande wa kusini ulikuwa umetangaza adhabu ya kifo kwa maofisa weupe watakaowaongoza askari weusi, na bado alikwenda. Ninachoomba, ndugu Mhariri, ni kwamba waandishi wako watakapoandika tena habari za upanga wa ofisa yeyote, waulize pia ni akina nani waliomfuata, walilipwa nini na walizikwa wapi. Na habari ikiwa ni ya upanga huu wa Shaw, basi Sajini Carney atajwe katika aya ileile.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi