Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Umoja wa Wazazi na Walimu, Mwaka 2024

Ndugu wajumbe, wazazi na walezi, Mkuu wa Shule pamoja na walimu wetu,

Itifaki imezingatiwa. Mapato na matumizi mtayasikia kwa mhazini, na kumbukumbu za vikao anazo katibu, kwa hiyo sitazirudia. Nitagusa kwa ufupi yaliyotupata mwaka uliopita, kisha nitakaa kwenye jambo moja lililotuletea kelele kuliko hata michango: ripoti za watoto wetu na namna alama zinavyotolewa.

Mwaka ulianza na macho mekundu. Shule zilipofunguliwa Januari ugonjwa ulikuwa umeshasambaa jijini, na kwa wiki kadhaa madarasa ya Kidato cha Kwanza yalikuwa nusu tupu. Wengine walizuiwa na wazazi, wengine walirudishwa getini na mwalimu wa zamu. Ikaja masika. Aprili Bonde la Msimbazi lilijaa, barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi yakasitisha safari, na watoto wanaotoka ng'ambo ya mto wakabaki nyumbani. Familia nyingine zililipwa fidia kupisha mradi wa kuendeleza bonde, zikahama na watoto wao katikati ya muhula. Tunawatakia heri huko walikokwenda. Na waliohamia kwetu tunawakaribisha, ingawa madawati tunayajua yalivyo.

Nimeyataja haya kwa sababu ndiyo yaliyozaa mjadala. Ripoti za Juni zilipotoka, wazazi walikuta mambo mawili yasiyo ya kawaida. Kwanza, mtoto aliyeugua macho au aliyezuiwa na mafuriko alikuwa na sifuri kwenye majaribio aliyoyakosa, na sifuri ile ilikuwa imejumlishwa kwenye wastani. Pili, kwenye ripoti za Kidato cha Kwanza sehemu ya "nafasi", yaani mtoto amekuwa wa ngapi darasani, haikuwepo kabisa. Jumatatu yake ofisi ya mwalimu wa taaluma ilijaa, mmoja anadai sifuri iondolewe, mwingine anadai nafasi irudishwe. Nilimwonea huruma mwalimu yule.

Kamati ilikutana na walimu Julai, tukakutana tena Agosti. Nianze na hoja ya sifuri, maana hesabu yake ni nyepesi na ndiyo iliyonishawishi mapema.

Chukueni mtoto aliyepata 60, 70 na 65 kwenye majaribio matatu. Wastani wake ni 65, na kwa viwango vya Baraza la Mitihani hiyo ni B. Jaribio la nne alikuwa kitandani, akaandikiwa sifuri. Wastani unashuka hadi 48.75, yaani C. Sasa mzazi akiisoma ile C ataamini mwanawe haelewi somo, wakati mtoto anaelewa ila alikuwa anaumwa. Atampeleka tuisheni kutibu ugonjwa ambao ulishapona tangu Februari.

Walimu walikuwa na hoja yao, na haikuwa ndogo. Wakisamehe kila asiyefanya jaribio, watoto watajifunza kuumwa siku ya Hisabati. Ni kweli, na wapo wazazi humu ndani wanaojua fika kwamba mtoto wao ameshajifunza. Tulichokubaliana ni hiki: asiyefanya jaribio anaandikiwa "hakufanya" badala ya namba, na anapewa jaribio lingine Jumamosi ndani ya wiki mbili. Asipotokea bila sababu, mzazi anaitwa. Suala linabaki kuwa la nidhamu na linashughulikiwa kama nidhamu. Utaratibu ulianza muhula wa pili. Umeongeza kazi, hasa kwa walimu wa sayansi ambao ni wachache, na ndiyo maana kamati iliidhinisha chai na nauli kwa wanaosimamia Jumamosi. Mkiiona kwenye vitabu vya mhazini msishangae.

Hoja hiyo ilivuta nyingine. Ilibainika kwamba katika baadhi ya madarasa alama zilikuwa zinakatwa kwa kuchelewa, kwa daftari lisilo na jalada, hata kwa nywele. Nilikuwa sijui kwamba nywele zinafundishwa kwenye Kemia. Ripoti zetu, tangu zamani, zina sehemu ya tabia: mahudhurio, usafi, heshima, bidii ya kazi. Utukutu wa mtoto uandikwe pale, na uandikwe wazi, wala tusimfichie mtu. Lakini akipata 58 kwenye Jiografia, ile 58 ieleze Jiografia. Walimu wengi walikubali bila ubishi. Wachache walisema kukata alama ndiyo fimbo pekee waliyobakiwa nayo, na nawaelewa, kwa sababu sisi wazazi tukiitwa hatuji.

Sasa nafasi.

Wengi wenu mlidhani mashine ya kuchapa imeharibika. Hapana, ulikuwa uamuzi wa idara ya taaluma, na ulitokana na mtaala mpya. Januari 2024 nchini ulianza kutumika mtaala ulioboreshwa, ambao kwa sekondari una mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, na masomo kama Elimu ya Biashara na Historia ya Tanzania na Maadili. Sera yenyewe, ile ya mwaka 2014 toleo la 2023, ilizinduliwa rasmi na Mheshimiwa Rais huko Dodoma tarehe 1 Februari 2025. Mtaala unamtaka mwalimu apime umahiri, yaani mtoto anaweza kufanya nini. Walimu wetu wakaona kwamba kumwambia mzazi "wa 41" hakumjulishi kama mtoto anaweza kutafuta faida na hasara au kusoma ramani. Wakaweka maelezo ya umahiri mahali pa nafasi.

Wazo ni zuri, utekelezaji ulikuwa na kasoro moja kubwa: maelezo yaliandikwa kwa Kiingereza. Mama mmoja alikuja na ripoti mkononi akaniuliza, "Mwenyekiti, hapa wamemsifu au wamemsema?" Tumeomba maelezo kwa mzazi yaandikwe kwa Kiswahili, na ripoti za Desemba zimekuja hivyo. Nawashukuru walimu kwa hilo.

Wanaotaka nafasi irudi wana hoja, nami sitaki ionekane kama wamepitwa na wakati. Mzazi wa Mabibo anayeuza mitumba Manzese hana muda wa kusoma aya nne kwa kila somo. Nafasi ilimpa jibu la haraka. Baba mmoja alisema, bila nafasi atajuaje kama mwanawe anapanda au anashuka? Nilimjibu hivi, na leo narudia: nafasi haisemi hilo. Mtoto anaweza kutoka wa 30 hadi wa 20 kwa sababu kumi waliokuwa mbele yake wameugua macho. Anaweza kupanda alama kumi kwenye kila somo akabaki palepale kwa sababu darasa zima limepanda. Nafasi inapima wenzake. Hata tulipopokea watoto waliohamia, mmoja alikuja na ripoti inayosema ni wa tatu darasani, na mwalimu wa taaluma bado ilibidi ampe jaribio ili ajue aanze naye wapi.

Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa tangu matokeo ya Kidato cha Nne yaliyotoka Januari 2023. Kama taifa limeweza kuishi bila orodha ile, nadhani ubao wetu wa matangazo nao unaweza kuishi bila majina ya watoto yaliyopangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Hilo la ubaoni nalipinga moja kwa moja, kwa sababu wale wa chini hawajawahi kupanda kwa kusomwa na watoto wa kidato kingine. Lakini sioni sababu ya kumnyima mzazi anayetaka kujua. Tuliafikiana hivi: nafasi haitachapwa wala kubandikwa, ila mzazi akiiomba kwa mwalimu wa darasa ataambiwa. Wakati wa ripoti za Desemba walioiomba walikuwa wachache kuliko waliopiga kelele Juni.

Najua kuna hofu nyingine chini ya hii yote, kwamba huenda haya ni majaribio yatakayofutwa kesho. Hofu hiyo ina historia. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, serikali ikayafuta matokeo yale, yakapangwa upya. Mwaka huohuo viwango vya alama vikabadilishwa, tukaletewa B+ na E. Matokeo ya 2014 yakatoka kwa GPA, yaani wastani wa pointi badala ya madaraja (divisheni), tukaanza kujifunza "Distinction" na "Merit". Mapema 2016 Waziri wa Elimu Ndalichako akaagiza turudi kwenye madaraja, tukarudi. Wapo wazazi hapa ambao mtoto wa kwanza alimaliza kwa divisheni, wa pili kwa GPA, wa tatu kwa divisheni tena, na mpaka leo nyumbani wanabishana nani alifanya vizuri zaidi.

Kwa hiyo tusiabudu viwango, vimewekwa na watu na vinabadilishwa na watu. Angalieni vya sasa: C ni kuanzia 45 hadi 64, na D ni 30 hadi 44. Aliyepata 64 na aliyepata 45 wote wana pointi 3, wakati wa 44 ana pointi 4. Alama moja inawatenganisha hawa wawili wa mwisho kuliko alama kumi na tisa zinavyowatenganisha wale wa kwanza. Au daraja la nne, ambalo linaishia pointi 33 kwa masomo saba: mtoto anaweza kulifikia kwa C moja na F sita, maana F ni pointi 5. Matokeo ya kitaifa ya 2024 yameonyesha ufaulu wa asilimia 92.37, na tuna haki ya kufurahi, lakini ufaulu huo unahesabu kuanzia daraja la kwanza mpaka hilo la nne. Ndiyo maana, matokeo ya shule yetu yalipotoka Januari, nilimwomba Mkuu wa Shule asituletee asilimia ya ufaulu peke yake. Alituletea somo kwa somo. Hisabati bado inatuumiza, na nashukuru kuiona wazi badala ya kufichwa ndani ya asilimia nzuri.

Jambo ambalo hatujakubaliana ni kurudia jaribio. Baadhi ya walimu vijana wanataka mtoto aliyefeli jaribio aruhusiwe kufundishwa tena na kulirudia, na alama ya pili ndiyo ihesabiwe. Wazazi wengi wamekataa: mtihani wa taifa wa Novemba hauna kurudia, kwa nini tuwadanganye? Mimi niko katikati, ila naegemea upande wa walimu kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili. Mtoto anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili na kukutana na maswali ya Baiolojia kwa Kiingereza mwezi Machi, mara nyingi amefeli lugha. Akielewa Mei, sioni kwa nini alama ya Machi imfuate hadi Desemba. Kwa Kidato cha Tatu na cha Nne, alama za maendeleo zinazotumwa Baraza zina taratibu zake, na sisi hatuna ruhusa ya kuzichezea.

Mengine kwa haraka. Choo cha wasichana kimekamilika, maji yanatoka, na funguo anazo matroni. Uji wa Kidato cha Kwanza uliendelea isipokuwa wiki mbili za Oktoba mfanyabiashara alipotuletea unga wenye wadudu tukaurudisha. Timu yetu ya netiboli ilifika mbali kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na jezi zimechakaa, lakini hilo litawasilishwa na mwalimu wa michezo, ambaye ameshanionyesha orodha ndefu.

La mwisho ni la mbele kidogo, ila halisubiri. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Mwaka 2027 watamaliza kwa pamoja Darasa la Saba la mtaala wa zamani na Darasa la Sita la mtaala mpya, na Januari 2028 wote wanabisha hodi Kidato cha Kwanza. Kwa shule za Dar es Salaam, ambazo madarasa yake yamefurika tayari, hiyo ni mikondo miwili ya watoto kwenye lango moja. Mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi hataandika maelezo ya umahiri ya mtu yeyote, atarudi kuandika namba tu, na sitamlaumu. Kamati imeandika barua kwa Bodi ya Shule ikiomba eneo la nyuma ya maabara litengwe kwa vyumba vipya. Tunasubiri majibu.

Mkutano huu unaombwa kupiga kura juu ya mambo matatu: kuendeleza majaribio ya Jumamosi na posho yake, kuzuia ubandikaji wa nafasi ubaoni kwa vidato vyote, na kuruhusu kurudia majaribio kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili kwa mwaka mmoja wa kujaribia utaratibu huo. Hili la tatu lipigiwe kura ya siri, kwa sababu kuna wazazi na walimu wa kila upande na tunakutana kila siku kituoni. Karatasi ziko mezani kwa katibu. Nafasi ya katibu msaidizi nayo iko wazi baada ya aliyekuwa nayo kuhamia Chanika, na anayejua kuandika muhtasari bila kuongeza chumvi anakaribishwa kuchukua fomu kabla ya chai.

Mwenyekiti,
Umoja wa Wazazi na Walimu
Dar es Salaam, Machi 2025