Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chama cha Wasafirishaji Mizigo, Mombasa

Ndugu wanachama, assalamu alaikum na hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Kamati ilikaa vikao 9, wafiwa 3 walifikishiwa rambirambi, na kesi ya yadi ingali mahakamani. Wanachama 64, waliolipa ada 27, deni shilingi 222,000. Majina siyataji, ingawa wengine wameketi mstari wa mbele.

Nije kwenye lililozua maneno: shilingi 180,000 alizolipwa mhasibu kutufundisha kuhesabu moshi wa malori yetu. Nimeambiwa napapia mambo ya wakubwa. Ratiba ya kuripoti mambo ya tabianchi, iliyotolewa na ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, nimeisoma kabla ya wengi wenu: kampuni za soko la hisa, mabenki na wenzao ni lazima kuanzia Januari 2027, kampuni nyingine kubwa 2028, wadogo kama sisi 2029. Lakini IFRS S2, kiwango cha kimataifa cha ripoti hizo, kinamtaka mkubwa ahesabu hata hewa ya ukaa ya wanaomhudumia. Mwaka wa kwanza amesamehewa hilo, wa pili hapana. Ukimbebea chai yake kutoka Kericho hadi mnadani hapa, dizeli yako imo kwenye ripoti yake. Usipompa hesabu atakisia, au mzigo atampa mwenye hesabu.

Wanaouliza kwa nini sikungoja mkutano mkuu, wakumbuke ule wa Machi ulivunjika kwa kukosa akidi. Tulikuwa watu 14, na wawili walikuja kuuliza habari za yadi. Kamati iliidhinisha, sahihi zipo.

Siku ya mafunzo niliagiza mahamri na mbaazi za watu 50. Wakaja 11. Mmoja alileta daftari la mafuta la dereva wake, kurasa zimegandana kwa grisi, nalo lilitufunza kuliko mhasibu mwenyewe: lita moja ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Lita 900 za wiki moja, lori moja, zikapita tani 2. Ukumbi ulinyamaza. Mahamri yaliyobaki niliyalipia kwa mfuko wangu nikayapeleka madrasa.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kila lori liwe na daftari lake, na pengine ofisi ipate kompyuta. Waliokosa mafunzo, karatasi za kujaza ziko kwa katibu. Atawapa mkishalipa ada.