Kwa wazazi wa Moshi wenye watoto waliomaliza kidato cha nne

Wanangu,

Mtihani umeisha Novemba, matokeo hutoka Januari. Hapo katikati kijana wa miaka 16 au 17 yuko nyumbani bila kengele, bila wenzake wa bweni, ana swali moja tu kichwani. Ninyi mnasema anapumzika. Mimi nasema hiki ndicho kipindi cha kumtazama zaidi.

Anzeni na usingizi, maana ukiharibika huo mengine yote huwa mazito. Umri huu unahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku. Balehe yenyewe husogeza mbele muda wa kusinzia kwa saa moja au mbili, kwa hiyo asiposinzia saa 3 usiku si ukaidi. Ongezeni simu kitandani, ndipo analala saa 9 usiku na kuamka saa 6 mchana. Wengi wenu hukosea hapo kwa kumwamuru alale mapema. Atalala macho wazi gizani, na mawazo mabaya hupenda giza. Vuteni saa ya kuamka, ile ya kulala itafuata. Kila siku nusu saa mapema: kutoka saa 6 mchana hadi saa 1 asubuhi ni siku 10. Akiamka atoke nje mara moja, hata kukata majani ya ng'ombe, kwa kuwa mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha saa ya mwili. Kahawa, chai kali na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie saa 8 mchana. Simu zote zichajiwe sebuleni, na ya baba pia; ikibaki ya baba chumbani, sheria imekufa siku ile ile.

Krismasi nayo inakuja. Ukoo utapanda kutoka Dar es Salaam, ndafu itakatwa, na mjomba atauliza mbele ya watu wote: "Unategemea division ngapi? Mwenzako alipata one." Kwa mjomba ni mzaha, ila kijana ataubeba mpaka Januari. Wapigieni simu ndugu kabla hawajafika, waombeni swali hilo lisiulizwe. Likiulizwa, jibu wewe mzazi: "Tunasubiri," kisha badilisha mazungumzo.

Kata ya mbege mnayomwonjesha kwa kucheka, acheni. Pombe humpa usingizi haraka, humkatisha usiku wa manane, na asubuhi moyo unakuwa chini kuliko jana. Bangi ni hatari zaidi: katika umri huu huongeza uwezekano wa kuchanganyikiwa na kusikia sauti, hasa kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua akili.

Huzuni ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Ikifika wiki 2 mfululizo, hali chakula vizuri, hafurahii hata mpira alioupenda, anajitenga, anasema hana faida, mpelekeni hospitali, Mawenzi au KCMC. Kwa wavulana mara nyingi hujitokeza kama hasira, nanyi mnaiita jeuri na kuchukua fimbo. Maombi endeleeni nayo, lakini yasiwe sababu ya kuahirisha hospitali.

Ukiwa na wasiwasi kwamba anafikiria kujiua, muulize wazi, kwa sauti ya kawaida: "Umewahi kuwaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, humpa nafasi ya kulitua. Akikubali, usimkaripie, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kupulizia kahawa, za mifugo na vidonge vya bibi fungieni kwa kufuli, na ufunguo akae nao mtu mzima. Fanyeni hivyo hata kama hamna wasiwasi, kwa kuwa wazo la namna hiyo mara nyingi huja ghafla na kupita, mradi njia isiwe mkononi. Simu 116, ya huduma kwa mtoto, ni ya bure, na mzazi pia anaweza kuipiga.

Siku ya matokeo ipangeni sasa. Kubalianeni nani atafungua na nani atakuwepo. Mwambieni kabla, kwa majina, njia zilizopo akikosa kidato cha tano: ufundi VETA, vyuo vya kati, kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Siku hiyo na inayofuata, mtu mzima mmoja asitoke nyumbani.