Kikao kimesogezwa: mzigo wa bweni, Makete

Wapendwa, habari za jioni. Wakubwa, shikamooni.

Kikao si Jumamosi tena. Ni Jumapili hii saa 9 alasiri, palepale Mbezi tulipokaa mara ya mwisho.

Ajenda ni mzigo wa blanketi na sweta tunaopeleka bweni la shule kule Makete. Huku Dar tunalala na feni, ila Makete ikifika Juni na Julai umande unaganda usiku, asubuhi majani ya viazi yameungua kama yamemwagiwa maji ya moto. Mama mdogo alinipigia juzi (alipanda mpaka kwenye kilima cha mtandao, upepo unakata sauti), akasema watoto wanalala wawiliwawili blanketi moja. Tena mvua zimekula kipande cha juu cha barabara, gari halifiki. Vijana watapokea mzigo chini na kupandisha mgongoni, kwa hiyo tufunge viroba vidogo.

1. Mchango sh. 30,000, mwisho Ijumaa saa 12 jioni, kwa mweka hazina. Andika jina lako! Mara iliyopita miamala mitatu hatujui ya nani mpaka leo.
2. Mwenye blanketi zito au sweta aje nalo. Vile vishuka vyepesi vibaki hukuhuku.
3. Tunahitaji wawili wa kusindikiza mzigo, basi la alfajiri Stendi ya Magufuli hadi Njombe, kisha Makete.

Naomba kila mmoja ajibu NIPO au SIPO kabla ya kesho saa 3 usiku. Wa kusafiri anitafute inbox.