YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA SIKU TATU FLORENCE, NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Kwa Meneja Mkuu,

Salaam. Namba ya safari yetu mnayo, masharti yenu mnayajua kuliko mimi, na barua pepe zangu mbili ambazo hazijajibiwa naamini bado zipo huko mahali fulani. Sitawachosha na utangulizi.

Jumatatu, saa nne na nusu asubuhi, mimi na mama yangu mwenye miaka 68 tulisimama Via Ricasoli, mbele ya mlango wa Galleria dell'Accademia, makumbusho yenye sanamu ya Daudi ya Michelangelo, mkononi tumeshika vocha yenye muhuri wenu. Mlango umefungwa. Hakuna foleni, hakuna mlinzi, ni sisi na njiwa. Accademia hufungwa Jumatatu. Uffizi, makumbusho ya pili mliyotupangia saa nane mchana siku hiyohiyo, nayo hufungwa Jumatatu. Hiyo si siri. Mzee aliyetuuzia kahawa mtaa ule alitikisa kichwa kabla hata hajaisoma vocha yetu hadi mwisho.

Nikampigia kijana wenu wa zamu, nikaweka spika ili na mama asikie. Akaniambia hivi, sijaongeza neno: "Dada, si jana mmeiona ile sanamu pale uwanjani? Ni ileile tu. Pigeni picha mfurahie mji."

Ni ileile tu!

Ndugu Meneja, ile ya Piazza della Signoria ni nakala. Imewekwa pale mwaka 1910. Daudi mwenyewe aliondolewa uwanjani mwaka 1873, akapelekwa ndani asiendelee kuliwa na mvua. Marehemu baba yangu alichonga mpingo pale Mwenge miaka zaidi ya thelathini, na mama ndiye aliyekuwa akipiga msasa vinyago na kuving'arisha kwa kiwi mpaka kucha zinakuwa nyeusi. Mtu huyo ndiye mnayemwambia nakala na kazi yenyewe ni kitu kimoja. Baba alipenda kutusimulia kwamba lile jiwe la Daudi fundi mwingine alishalianza akalishindwa, likalala nje miaka mingi, hadi Michelangelo alipolichukua mwaka 1501, akalimaliza 1504. Mama alitaka kuona huyo bwana aliwezaje, maana gogo lililoharibiwa na mtu mwingine analijua. Tena alikuwa na hamu zaidi na wale Wafungwa wanne wa humohumo Accademia, sanamu ambazo Michelangelo hakuzimaliza, miili iliyonasa nusu ndani ya marumaru, alama za patasi bado zinaonekana. Hao uwanjani hawapo. Kijana wenu angetwambia tukawapige picha wapi?

Sasa turudi Jumapili, maana hapo ndipo naona mlipanga safari huku mmelala. Jumapili makumbusho yote mawili yalikuwa wazi. Ninyi siku hiyo mkatuandikia "matembezi": Piazza della Signoria, Ponte Vecchio, kisha kupanda hadi Piazzale Michelangelo kutazama jua likizama. Daraja la Ponte Vecchio lipo pale tangu 1345. Halina geti, halina tiketi, na Jumatatu haliendi popote. Kubadilisha siku hizo mbili kungewagharimu nini? Mstari mmoja kwenye ratiba.

Halafu Jumapili hiyohiyo kulikuwa na tiketi ya kupanda kuba la Brunelleschi, lile la kanisa kuu. Ngazi 463, hakuna lifti. Kwenye fomu yenu, pale palipoulizwa afya, niliandika kwa mkono wangu: "Mama ana matatizo ya magoti." Mama alikaa chini kivulini, akaniambia nipande peke yangu. Sikupanda.

Hoteli "katikati ya Florence" ilikuwa Prato. Prato ni mji mwingine, ndugu zangu. Kila asubuhi treni, kila usiku treni. Kodi ya watalii mliyosema imo ndani ya bei tukadaiwa mapokezi. Haya nayapitia haraka kwa sababu peke yake ningeyameza.

Nililoshindwa kumeza ni lile la mlangoni, na naomba nilirudie, kwa kuwa kwenye simu ya juzi msaidizi wako aliliita "kutoelewana". Hakukuwa na kutoelewana. Nilimweleza kijana mara mbili kwamba pamefungwa. Nikamsomea tangazo lililobandikwa. Nikasikia kwa nyuma mtu anacheka, sijui ni yeye au mwenzake. Ndipo akasema ni ileile tu, tumeshaiona. Mama akainama kwenye simu, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mimi nimekuja kuona yenyewe." Akajibu, "Bi mkubwa usijali, watalii wengi hata hawajui tofauti." Kisha akaomba tusubiri, kuna mteja ofisini, na simu ikakatwa. Nilipiga tena mara sita. Mama akaikunja vocha mara nne, akaitia kwenye mkoba, akaniuliza, "Ningemlipa kwa noti ya nakala, naye angesema ni ileile?"

Siku hiyo tuliiokoa wenyewe, kwa fedha zetu. Palazzo Vecchio, jumba la kale pale uwanjani, lilikuwa wazi, tukaingia, na kwenye dari moja iliyochorwa na Vasari na mafundi wake yupo yule twiga aliyeletewa Lorenzo de' Medici, mkubwa wa Florence wa enzi hizo, kutoka Misri mwaka 1487. Twiga! Tumetoka Tanzania tukaenda Florence kuangalia twiga. Mama alicheka, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini nanyi msijipe sifa, maana kwenye ratiba yenu hakuwepo.

Kwa heshima, naomba yafuatayo. Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kudai nusu ya shilingi 3,860,000 tulizolipa. Nimefika hapa nimebadili nia. Nadai zote, pamoja na tiketi za Palazzo Vecchio na ile kodi ya watalii, risiti nimeambatisha. Nataka pia barua ya kumwomba radhi mama yangu, iliyosainiwa na wewe mwenyewe, si msaidizi, na ndani yake neno "kutoelewana" lisiwemo. Msinitumie punguzo la safari ijayo. Sina safari ijayo na ninyi.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Siku ya 15 malalamiko haya yatakuwa Tume ya Ushindani, na mwanasheria ninaye, ni shemeji yangu, hanitozi chochote, kwa hiyo msihesabu kwamba nitachoka. Simu ile niliirekodi. Ningependa isisikike nje ya ofisi yenu, lakini hilo lipo mikononi mwenu.

Vocha niliyoambatisha ni nakala. Yenyewe ninayo mimi.

Wasalaam,
Mteja wenu, kwa niaba yangu na ya mama